Mgomba wa Mukhwana

Bergen, Norway
11 Februari 2023

Mayi mpendwa,

Mulembe. Huku mvua inanyesha kama Kitale mwezi wa nane, ila hii haina matope na haina mahindi ya kunywesha, inanyesha bure tu. Mimi ni mzima, saksafoni pia ni nzima.

Nina habari njema. Ile klabu ninayopiga imenipa Jumamosi zote. Zamani nilikuwa napiga jazi nyuma ya wengine, watu wakila samaki na kuongea. Sasa mimi ndiye wa mbele, napiga bluzi, na watu hunyamaza. Mwenye klabu anaitwa Steinar. Anasema hajawahi kuona mtu akiwaliza watu wa Bergen, maana hawa hawalii hata msibani. Kuna wimbo wangu mmoja unaopendwa sana. Nimeupa jina lako, unaitwa Phelista. Ungewaona wanavyosimama nikiupiga, Mayi, ungejivunia.

Najua nilisema nitakuja Aprili kujenga. Haitawezekana. Mei kuna tamasha, na Steinar anasema nikiondoka sasa watanisahau. Mwambie Levi avumilie kidogo. Nyumba haikimbii.

Mwanao,
Mukhwana


Bumula, Bungoma
20 Machi 2023

Mwanangu Mukhwana,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi, kwa sababu uliponiambia nitajivunia nilijua kuna habari mbaya chini yake. Nayo ilikuwepo.

Unaniuliza kila mara kwa nini nakataa simu ya Levi. Kwenye simu wewe unalia na mimi ninasamehe. Kwenye karatasi huwezi kunililia. Kwa hiyo andika.

Nyumba haikimbii, lakini Phanice atakimbia. Huyo msichana anamngoja Levi mpaka wenzake wamezaa na kuachisha ziwa. Wewe ndiye mkubwa. Mpaka usimamishe yako, hata kama ni chumba kimoja cha udongo, mdogo wako hawezi kuchomeka nguzo katika boma hili, na Mzee Wekoye hatakubali, unamjua ndugu ya baba yako. Levi ana ndevu na bado analala kwenye jiko langu la zamani, miguu ikitoka nje ya mlango. Sikuombi kitu kingine. Njoo wiki moja, simamisha ukuta, piga hiyo tarumbeta yako, urudi kwa samaki.

Na huo wimbo wenye jina langu unasema nini? Wimbo wenye jina la mtu ni lazima mwenyewe aujue.

Mama yako,
Phelista


Bergen
6 Juni 2023

Mayi,

Wimbo hausemi kitu, ni saksafoni tu. Unaukumbuka ule mvumo wako wa jikoni, ule wa midomo imefungwa, uliokuwa unavuma ukisonga ugali wa wanafunzi kule chuoni Mabanga? Sisi watoto tulikuwa tunausikia kutoka barabarani, tukajua chakula ki tayari, tukakimbia. Nimeuchukua huo, nikauweka polepole. Ndio huo.

Tamasha lilikwenda vizuri. Picha yangu ilikuwa ukutani mjini, kubwa kuliko mlango wa kanisa. Disemba nakuja. Disemba hii ni kweli, Mayi. Mwambie Phanice.

Mukhwana


Bumula
2 Novemba 2023

Mukhwana,

Levi ameniletea wewe kwenye simu. Phanice ndiye aliyekupata huko kwa mitandao. Nikavaa miwani, tukakaa wote, hata Mzee Wekoye akaitwa aje amwone mtoto wa ndugu yake akiheshimiwa na wazungu. Nilikuwa nimepika chai ya maziwa matupu.

Umevaa suti nzuri. Kisha ukashika maikrofoni ukaanza kuongea. Levi alitaka kutafsiri, nikamwambia nyamaza, nilifanya kazi Mabanga na wakufunzi wa kila nchi, Kiingereza changu kinanitosha.

Ukasema mama yako alikuwa anaitwa Phelista. Ukasema alikufa ukiwa na miaka kumi na mmoja. Ati alikufa njaa. Mimi! Mimi niliyelisha chuo kizima mpaka nguo zenu zikanuka sufuria! Ukasema ulimzika kwa mikono yako, huna viatu, na kwamba alipokuwa anakata roho alikuwa anavuma wimbo. Halafu ukapiga mvumo wangu. Mwanamke mmoja mzungu akaanza kulia. Wewe ukafunga macho.

Hakuna aliyekunywa ile chai. Mzee Wekoye alichukua kofia yake akasema, "Shemeji, huyu mtoto amekuita marehemu mbele ya watu. Si neno la kucheza hilo." Akaenda.

Nina maswali mawili tu. Viatu vyeusi vya shule, ulivyokuwa unapigia mawe teke ukienda darasani, alikununulia nani? Na ni Jumamosi ngapi umeniua?

Phelista, aliye hai


Bergen
5 Disemba 2023

Mayi wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nisamehe.

Nilipofika Steinar aliniambia watu huku hawatoki nyumbani kwenye mvua kuja kumsikiliza mtu mwenye furaha. Alisema, bluzi ina kidonda, wewe chako kiko wapi? Nikamwambia sina kidonda, mama yangu ana ng'ombe na meno yake yote. Akacheka, akanipa zile siku za katikati ya wiki ambazo hakuna mtu. Jumamosi moja mwenzangu aliugua, nikapanda mimi, nikaogopa, na hayo maneno yakatoka yenyewe. Watu wakasimama. Baada ya hapo walikuwa wanakuja kwa ajili ya hayo maneno.

Mayi, huku ni mbali. Nilidhani neno likisemwa hapa linaishia hapa. Sikukusudia ubaya wowote. Kila nikipiga wimbo ule nakuona uko hai, unasonga ugali.

Disemba haitawezekana, klabu imejaa mpaka mwaka mpya. Lakini nitakuja, nitapiga magoti mbele yako. Usinifungie moyo.

Mukhwana


Kitale
24 Januari 2024

Kaka Mukhwana,

Ni mimi dada yako Nakhumicha. Mama amenikataza kukupigia, nami namwogopa hata nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto. Kipketer, mume wangu, ndiye aliyesema niandike. Amesema kwao mlimani hata ng'ombe aliyepotea huambiwa kwamba ametafutwa.

Kaka, umezikwa.

Barua yako ya Disemba ilipofika Mama aliisoma mbele ya Mzee Wekoye, alipofika pale pa klabu kujaa akaikunja. Akasema, "Huyu hatakuja. Na mdogo wake hawezi kujenga mbele ya mkubwa aliye hai. Basi." Wazee walikataa. Walisema tunazika mgomba kwa ajili ya mtu aliyepotea vitani au majini, hatuziki mtu ambaye sauti yake tumeisikia juzi kwenye simu. Mama akawauliza, "Na mimi sauti yangu hamkuisikia? Yeye alinizikaje?" Wakaangaliana. Mzee Wekoye akamwambia Levi alete panga.

Levi alikata mgomba nyuma ya choo. Fundi wa jeneza aliuliza urefu wako, Mama akasema ampime Levi, mnatoshana. Waliuvalisha sweta yako ya shule, ile ya kijani. Mchungaji alikataa kuja, kwa hiyo hakukuwa na sala. Sikulia kwa ajili ya mgomba, nililia nilipoona Mama anapanga mikono ya sweta vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. Halafu akasimama akasema, "Fukieni." Siku ya tatu tulinyolewa. Nina kipara kwa ajili yako na wewe uko kwenye suti.

Levi alianza kuchimba msingi wiki iliyofuata.

Sasa sikiliza vizuri. Ukija bila kuitwa, huwezi kupita langoni, watu watakimbia na wengine watachukua mawe, kwao wewe ni mzimu. Mzee Wekoye ameeleza. Aliyekuzika ndiye peke yake anayeweza kukuita utoke. Mama asimame kaburini, akuite kwa jina lako, wazee wasikie. Halafu achinjwe kondoo, upakwe taka za tumbo lake, uingie kwa kupitia nyuma ya nyumba. Mama pekee, hakuna mwingine.

Mwandikie. Usiniandikie mimi.

Nakhumicha


Bergen
3 Machi 2024

Mayi,

Nimesoma habari za kaburi langu nikiwa kwenye ngazi za nyumba, na jirani aliyenikuta akaniuliza kama naumwa. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi?

Najua nilikukosea. Lakini mimi niliongea tu, Mayi. Wewe umechimba shimo. Nikifunga macho naona ile sweta. Sipigi vizuri siku hizi, pumzi inakatika katikati ya wimbo.

Niite. Nakuomba kwa jina la baba. Levi ameshajenga, sina neno naye, nyumba yake ikae. Sitaki shamba wala ukuta. Nataka tu siku moja nipite lile lango na wewe uulize nimekula nini. Uniambie la kufanya, nitalifanya.

Mukhwana wako


Bumula
14 Aprili 2024

Wewe,

Siandiki jina lako, maana jina lako sasa lina kazi.

Unalalamika kwamba wewe uliongea na mimi nikachimba. Ni kweli. Mimi sijui kufanya mambo nusu. Mlizaliwa wawili, wewe na pacha wako Mulongo, na yeye nilimzika kabla hajaota jino. Nilishazika nusu yako, kwa hiyo nusu iliyobaki haikunishinda. Usifikiri nilitetemeka.

Levi ni mvivu, unamjua. Aliung'oa ule mgomba pamoja na kitunguu chake cha chini, na sasa umeota juu ya kaburi. Watu wanapita njiani wakiangalia. Nimeukata mara mbili kwa panga. Unarudi. Una kiburi kama wewe.

Haya, umesema nikuambie la kufanya. Jumamosi panda pale juu. Kabla hujapuliza kitu waambie hao watu hivi: mama yangu Phelista ni mzima, yuko Bumula, hakufa njaa, mimi ni mwongo. Kwa sauti ile ile uliyoniulia. Halafu upige wimbo wangu kama watataka kuusikia. Ukishafanya hivyo niandikie, na mimi siku hiyo hiyo nitaenda pale kaburini nimwite Mzee Wekoye na wenzake, nikuite. Kondoo ninaye, Kipketer ameniletea kutoka Kitale. Anakula majani yangu akikungoja.

Ni maneno machache. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza.

Phelista


Bergen
18 Juni 2024

Mayi mpendwa sana,

Nimefanya. Jumamosi iliyopita nilipanda, nikasema kama ulivyoniagiza, neno kwa neno. Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wengine wakapiga. Steinar amekasirika lakini sijali. Nimepiga wimbo wako mpaka mwisho na pumzi haikukatika.

Sasa niite, Mayi. Nimeshaulizia ndege. Nitafikia Kitale kwa Nakhumicha ningoje hapo mpaka kondoo achinjwe. Nimekununulia shali ya sufu, ya kijani.

Mwanao,
Mukhwana


Bumula
30 Julai 2024

Barua yako ilifika nikafurahi, nikuambie ukweli. Niliimba. Nilimtuma Levi amwite Mzee Wekoye. Nikavaa gauni la kanisani.

Tukiwa tunangoja wazee, Phanice akasema, "Mama, si tumtafute tumwone akisema? Watu huwa wanarekodi." Nikamwambia tafuta, na mimi nisikie jina langu likisemwa vizuri kwa mara moja.

Ilikuwa Jumamosi ile ile. Tarehe imeandikwa chini. Nimekufa njaa tena, na safari hii umeongeza kwamba nilikupa kipande cha mwisho cha muhogo.

Wazee walifika. Niliwapa chai nikawaambia warudi nyumbani.

Mgomba nimeukata tena leo. Kondoo tumemla.

P.


Kitale
9 Oktoba 2024

Kaka,

Levi alishakupigia kukuambia Mama ametutoka, akakata simu kabla hujajibu. Kuna mambo hakukuambia, na mimi siwezi kuyabeba peke yangu.

Mwezi wa tisa Mama alipigwa na kiharusi akiwa shambani. Mkono wa kulia ulikufa, na maneno yote yakaenda. Alikuwa anatuangalia, anajua kila kitu, lakini akitaka kusema "maji" inatoka sauti tu isiyo na umbo. Ulimi wake, kaka! Ule ulimi! Nilikaa naye Bumula mpaka mwisho.

Wiki ya mwisho alianza kuonyesha nje kwa mkono wa kushoto. Tulimpa maji, akakataa. Tulimpa Biblia, akaisukuma. Akaendelea kuonyesha upande wa choo, tukadhani anataka kwenda haja. Ni Phanice aliyeelewa. Akasema, "Anataka kwa Mukhwana."

Tulimbeba kwa kiti cha plastiki. Kaka, ule mgomba ulikuwa umefika kiunoni. Hakuwa ameukata tangu ile barua ya Julai. Chini yake kulikuwa na samadi iliyoanza kukauka, imezungushwa vizuri. Sisi hatukuiweka.

Alinishika nguo akanionyesha barabara, nikaelewa, nikamtuma Levi awaite wazee. Walikuja. Mama akajiweka sawa kwenye kiti, akavuta pumzi, akafungua mdomo kukuita. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena, shingo ikasimama mishipa. Akaanza kulia kwa hasira, unajua anavyolia, bila sauti. Halafu akafunga midomo, na ule mvumo ukatoka. Ule wa jikoni. Wote, kaka, kutoka mwanzo mpaka mwisho, safi kabisa, kama tulivyokuwa tukiusikia barabarani. Kiharusi kilikuwa kimeuacha. Alikuwa anauvuma akiangalia chini kwenye mgomba, na akimaliza anaanza tena.

Nilipiga magoti nikawaambia wazee, "Si mmesikia? Amemwita! Mvumo huo ndio aliokuwa akituita nao tuje tule!" Mzee Wekoye alivua kofia. Machozi yalikuwa yanamtoka, sitamsingizia. Lakini akasema, "Mwanangu, sheria ni jina. Hata ng'ombe huitwa kwa mluzi. Mvumo si jina." Akamuuliza Levi, "Wewe umesikia jina?"

Levi aliangalia nyumba yake. Mabati yake mapya yanaonekana kutoka pale. Akasema, "Mimi sijasikia jina, bana."

Mama alimsikia. Aliendelea kuvuma mpaka tukamrudisha ndani. Alikufa Alhamisi ya mwisho ya mwezi huo.

Tumemzika karibu na wewe. Mzee Wekoye amesema kwa vile aliyekuzika amekwenda, hakuna tena wa kukuita. Usije, kaka. Nasema hivi nikikupenda. Wakikuona langoni watakimbia, na Levi hatawakataza.

Nakhumicha


Bergen
17 Novemba 2024

Dada yangu Nakhumicha,

Asante kwa kuniambia yote.

Ile Jumamosi ya Juni nilikuwa nimekusudia kusema. Nilishika maikrofoni na maneno yake nilikuwa nimeyakariri. Kiti cha mbele kulikuwa na bibi mmoja mzee anayekuja kila wiki. Nilimwona tayari ameshatoa kitambaa cha machozi, amekiweka juu ya goti, ananingoja. Nikashindwa. Nikamwua Mama kwa ajili ya kitambaa cha mgeni. Jumanne yake nikamwandikia kwamba nimesema.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena. Nikasema mama yangu Phelista amekufa. Sikuongeza njaa, sikuongeza viatu wala muhogo. Nilisema alikufa mwezi wa tisa, kwa kiharusi, na sikuwepo. Kisha nikapiga mvumo wake kama alivyouvuma, bila kuupamba.

Hakuna aliyelia. Watu wa nyuma walianza kuongea. Yule bibi alikunja kitambaa chake akakirudisha mkobani, akaitisha bia. Baadaye Steinar aliniita pembeni akasema, kwa upole, kwamba safari hii haikuaminika, nilisema kama mtu anayesoma tangazo la kifo redioni. Kuna kijana mwingine amempata, wa kutoka Kongo, baba yake aliuawa. Ananipa siku za katikati ya wiki mpaka Krismasi, baada ya hapo tuone.

Ile shali ya kijani ninayo bado. Huku ni baridi, ninaivaa.

Usimwambie Levi akate mgomba. Na watu wa Kitale wakikuuliza kaka yako mpiga saksafoni siku hizi yuko wapi, usihangaike kutafuta la kusema. Waambie yuko Bumula, kando ya mama yake. Hutakuwa umesema uongo.

Mukhwana